Mihirabu Kivulini: Kuzisoma Picha za Kwanza za Magofu ya Pwani

Katika picha za kwanza za magofu ya pwani yetu, mbingu huwa nyeupe tupu. Hakuna wingu, hakuna hata utusitusi wa masika. Mtazamaji wa leo hudhani siku ile jua lilikuwa kali mno, na pengine ndivyo, lakini weupe ule una sababu nyingine. Mabamba ya kioo ya karne ya 19 yalipakwa dawa iliyoshika mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Anga liliivisha bamba upesi, kabla ukuta haujaacha alama ya kutosha, na picha ilipochapwa kwenye karatasi mawingu yalikuwa yamekwisha kumezwa.

Sasa weka mbele ya bamba hilo jengo la mawe la Waswahili. Kuta ni za matumbawe, lipu ni ya chokaa, na chokaa, hata ikiota ukungu wa miaka mingi, bado hung'aa juani. Ni jeupe juu ya jeupe. Ukuta mzima, ulionyooka, hauna cha kumpa mpigapicha, unayeyukia angani. Kinachochora umbo ni weusi: kivuli cha tao, tundu la dirisha, mzizi uliopenya kati ya mawe, shimo la kombora. Jengo likivunjika ndipo picha inapopata mistari. Kabla hatujamlaumu mpigapicha yeyote kwa kupenda uharibifu, tukubali kwamba chombo alichokibeba kilikuwa kimekwisha kuegemea upande huo.

Matokeo yake ni kwamba magofu yenye historia tofauti kabisa hutoka karatasini yakifanana kama watoto wa mama mmoja. Gofu la kasri la Unguja, lililofanywa gofu kwa muda usiofika saa moja, na gofu la msikiti wa Kilwa, lililochukua karne, huonekana yote mawili kuwa ni kazi ya wakati, ya ile nguvu isiyo na jina ambayo haishtakiwi na mtu. Ufanano huo ni wa karatasi tu. Mtu akilitazama vizuri umbo la picha, yaani mahali mpigapicha aliposimama, msimu aliouchagua, kitu alichokikata ukingoni na maneno aliyoyaandika chini, anaweza kuyatenganisha tena. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya hapa.

Tuanze Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa 3 na dakika chache asubuhi, manowari za Kiingereza zilizokuwa bandarini chini ya Admirali Harry Rawson zilifyatua mizinga. Shughuli yote haikufika saa nzima. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm iliangamia, Beit al-Sahel ikaharibika vibaya, mnara wa taa ukatobolewa, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama pale pale bandarini. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilibaki imesimama.

Wapigapicha hawakuchelewa. Wakati huo mji ulikuwa na studio za Wagoa, mashuhuri kati yao ikiwa ya A. C. Gomes, na kamera ndogo zilikuwa zimekwisha kuingia mikononi mwa mabaharia. Ukitazama picha zilizoenea zaidi za siku zile, jambo la kwanza la kimaumbo ni mahali pa kamera. Imesimama upande wa bahari, inaitazama sura ya kasri. Kwa mpigapicha lilikuwa jambo la kawaida, maana majumba yale yalijengwa yaitazame bahari. Lakini upande huo ndio mizinga ilikotokea. Lenzi imekaa juu ya njia ile ile iliyopitwa na kombora, na mtazamaji, bila kuulizwa, amewekwa mahali pa mpiga mzinga. Mashimo yanamwelekea yeye. Sikumbuki picha maarufu ya tukio lile iliyopigwa kutoka ndani, kutoka kwa aliyekuwa nyuma ya ukuta akiusubiri ubomoke.

Jambo la pili ni ubichi wa gofu. Kingo za mashimo ni kali. Ndani ya ukuta uliopasuka jiwe ni jeupe kuliko lipu ya nje, kwa sababu halijawahi kuonja mvua. Boriti zimening'inia, mbao za roshani zimelalia vifusi, na vifusi vimelala mbele ya jengo pale pale vilipoangukia, havijapata mtu wa kuvizoa. Hakuna jani hata moja. Gofu la namna hii linasema tarehe yake lenyewe, hata ukilikuta bila maandishi: jana, juzi. Ndiyo maana nasema picha hizi hazina hatia ya kuficha kila kitu. Ziliona zaidi ya walivyotaka walioziuza.

Ila kuna kitu hakimo. Watu 500 walianguka humo, na kwenye karatasi wamebaki mawe na mbao. Ili kuuelewa upungufu huo vizuri inafaa kuvuka bahari kidogo. Mwaka 1858 Felice Beato alifika Lucknow, India, muda mfupi baada ya Waingereza kuurudisha mji ule mikononi mwao kwa vita vikali. Alipiga majumba ya Manawabi yaliyobomolewa, na katika picha yake inayojulikana kuliko zote, ya Sikandar Bagh, uwanja mbele ya jumba lililotobolewa umetawanywa mifupa. Karibu askari 2,000 wa Kihindi waliuawa pale Novemba 1857, na Beato alifika baada yao kwa miezi kadhaa; mifupa ile inasemekana ilifukuliwa na kupangwa kwa ajili ya kamera. Picha ile ni ya kutisha, na namna ilivyotengenezwa inatisha zaidi. Hata hivyo, kitendo kimo ndani yake. Mtazamaji hawezi kuondoka akidhani ni jumba lililozeeka.

Unguja, miaka 38 baadaye, walioshinda walikuwa wamejifunza mtindo mwingine. Gofu limesafishwa, na mahali pa maiti pamewekwa washindi wenyewe: ipo picha ya askari wa majini wa Kiingereza wamejipanga wakiuzunguka mzinga uliotekwa, mbele ya kasri. Umbo lake ni umbo la picha ya timu ya mpira. Wamekaa katikati ya fremu, wameikabili kamera, na kasri limekuwa pazia la nyuma. Katika picha ya Beato jengo ndilo lililoshika fremu na watu wachache wamesimama ndani yake. Hapa watu wameishika fremu na jengo limesogezwa nyuma, na kusogezwa huko ndiko kunakoandika nani mshindi. Ningependa picha hizi mbili ziwekwe kwenye ukurasa mmoja kila zinapofundishwa.

Na bado bahari ilikataa kusafishwa. Katika picha pana ya bandari iliyopigwa mwaka 1902, miaka 6 baada ya siku ile, milingoti ya Glasgow bado imetoka majini. Mpigapicha hakuwa na njia ya kuikwepa. Fremu pana, ambayo kwa kawaida hupigwa ili kusifu mji, imelazimika kuibeba meli iliyozamishwa.

Maruhubi, kasri jingine la Unguja, naipita upesi, ila siwezi kuiruka. Sayyid Barghash aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1899 ikaungua. Moto ulikula mbao zote ukaacha nguzo nene zilizokuwa zimebeba roshani. Nguzo zisizobeba kitu, minazi nyuma yake, mbingu nyeupe: picha za Maruhubi zinaifanya nyumba ambayo haikufikisha miaka 20 ifanane na hekalu la Warumi. Hapa ndipo kamera inapodanganya umri, na inadanganya kwa sababu imeonyesha kilichobaki kana kwamba ndicho kilichokuwa. Kumbuka mbao hizo zilizoungua, kwa sababu tutazihitaji tukifika Kilwa.

Picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ambayo imerudiwa kuliko zote ni hii: mpigapicha amesimama ndani ya ukumbi wa kusini, pembeni kidogo, akaielekeza lenzi kwa mshazari. Nguzo za pembe nane zinafuatana, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, matao juu yao yanapokezana, mwanga unaingia kupitia kuba zilizotoboka na kuanguka sakafuni vipande vipande. Mkao huo ulianza mapema na haujaachwa hadi leo. Ni picha nzuri. Sina haja ya kujifanya haivutii. Nimeitazama mara nyingi na kila mara jicho linakwenda lenyewe hadi mwisho wa safu.

Swali ni je, jicho la mwenye kuswali lilikwenda hivyo? Msikitini watu hupanga safu za upande hadi upande, bega kwa bega, wakiuelekea ukuta wa kibla. Nafasi yenye maana ni upana. Mpigapicha, kinyume chake, ametafuta kina: ujia mrefu unaokwenda kukoma mbali, kama ujia wa kati wa kanisa unaompeleka mtu madhabahuni. Lenzi za wakati ule, zenye upana mdogo wa kuona, zilimsukuma huko, kwa kuwa haziwezi kuushika upana wa ukumbi wenye nguzo nyingi na dari la chini. Lakini macho yake pia yalikuwa yamelelewa na michoro ya magofu ya makanisa ya Ulaya. Kwa hiyo picha imeupa msikiti mhimili ambao si wake. Msikiti wa Kilwa unatazamwa vizuri kwa kugeuza shingo polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuingia kwenye safu, na hilo ndilo tendo ambalo picha moja haiwezi kulifanya.

Kisha kuna ukumbi ambao picha hiyo imeugeuzia mgongo. Msikiti ule ulijengwa kwa awamu. Sehemu ya kwanza, ya kaskazini, ni ya karne ya 11 au 12. Dari lake lilikuwa bapa, likishikwa na nguzo 9. Ukumbi wa kusini, mpana zaidi, uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukaanguka, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba. Nguzo za ukumbi wa kaskazini zilikuja kuwa za mti. Mti ulioza, dari likashuka, na leo mahali pale panaonekana kama ua mtupu wenye ukuta. Picha hazipatazami, kwa kuwa hakuna cha kukatisha mwanga. Lakini hapo ndipo palipo na mihirabu ya msikiti wote, na hapo ndipo watu waliposwali kwa karne nzima na zaidi kabla ya matao yale mazuri kuwapo. Picha inayotambulisha Msikiti Mkuu kwa ulimwengu inaonyesha nyongeza na kuacha chimbuko, kwa sababu nyongeza ilikuwa ya mawe na dari la chimbuko lilikuwa limebebwa na mti.

Mihirabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana hapa umbo la picha linaamuliwa na jua. Pwani yetu iko kusini mwa Makka, kwa hiyo kibla kiko kaskazini na mihirabu imechimbwa katika ukuta wa kaskazini, ikimtazama mtu anayeingia kutoka kusini. Kilwa iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta. Katika miezi ya kusi, Juni na Julai, jua hutembea upande wa kaskazini kutwa nzima, linachomoza kaskazini ya mashariki na kuzama kaskazini ya magharibi. Ukuta wa kibla unakuwa umelipa jua kisogo. Mihirabu inakaa kivulini tangu asubuhi hadi jioni, hata baada ya dari kuanguka. Miezi hiyo ndiyo ya ukavu na ubaridi, na ndiyo wageni wa Ulaya waliyoipenda kwa safari. Juni na Julai, basi, mpigapicha aliyeikabili mihirabu kwa bamba la wakati ule alipata mbingu iliyoungua kwa weupe juu, na chini yake shimo jeusi.

Shimo jeusi lina maana yake kwa mtazamaji asiyejua. Linafanana na pango, na mlango wa kaburi, na kitu kilichokufa. Mtu aliyezoea kusoma picha za magofu atasema: tazama, dini iliyohama. Lakini weusi ule ni wa kalenda. Mtu yule yule angerudi Desemba, wakati wa kaskazi, angelikuta jua limehamia kusini, limepanda karibu na utosi, linateremka juu ya ukuta wa kibla kwa mshazari mkali. Mwanga wa namna hiyo ndio unaofichua kila mchongo wa jiwe, kila ukingo wa tao dogo, kila alama ya tindo kwenye matumbawe. Jengo ni lile lile na uharibifu ni ule ule, lakini picha ingekuwa nyingine kabisa. Sijui hoja nyingine inayonionyesha wazi zaidi kwamba huzuni tunayoiona katika picha za magofu wakati mwingine ililetwa na ratiba ya msafiri.

Mimea nayo inadai kusomwa. Kabla mwanaakiolojia Neville Chittick hajaanza kuchimba na kusafisha Kilwa katikati ya karne ya 20, kuta zilibeba miti, na wapigapicha wa mwanzo waliitumia miti hiyo kama fremu ndani ya fremu: tawi juu, mzizi pembeni, tao katikati. Jani ndilo lililogawa gofu la karne na gofu la saa moja. Katika picha za Unguja za 1896 halipo kabisa, katika za Kilwa limejaa. Ila kwa kujaza fremu, jani lilifanya kazi nyingine pia. Lilisema kwamba porini ndiko yalikotoka mawe haya na porini yanarudi. Almeida, Mreno aliyeuteka na kuupora mji mwaka 1505, hayumo. Hayumo hata sultani wa mwisho wa Kilwa aliyeondolewa na Waomani katika miaka ya 1840. Mti hauna bendera, na mti ukiwa ndio mshukiwa pekee aliyebaki ndani ya picha, kesi imekwisha kabla haijaanza.

Watu je? Wamo, mara nyingi mmoja. Anasimama kando ya ukuta, amevaa kanzu au shuka, mikono imeshuka, uso umegeuzwa au umeungua kwa mwanga. Amewekwa pale ili tujue ukuta una urefu gani. Wanaakiolojia walipokuja walileta fimbo ya kupimia yenye mistari, na mtu yule akaondoka kwenye picha, jambo linalothibitisha kazi aliyokuwa akiifanya. Lakini Kilwa Kisiwani haijawahi kuwa tupu. Wanakijiji wanaishi pale, wanavua, wanalima, wanajua kaburi gani ni la nani. Mtu aliyesimama kando ya ukuta katika picha hizo alikuwa na habari za ukuta ule kuliko aliyekuwa chini ya kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Umbo la picha linamweka ukingoni, likimwazima kimo chake na kumwachia ulimi wake.

Linganisha na Girault de Prangey, Mfaransa aliyezunguka Misri, Sham na Uturuki kati ya 1842 na 1845 akiwa na mamia ya mabamba ya fedha, wakati upigaji picha ulikuwa na umri wa miaka michache tu. Alipotaka mnara wa msikiti, alitumia bamba jembamba, refu, lililokatwa lifuate kimo cha mnara. Alipotaka mandhari, alililaza. Naliheshimu jambo hilo sana: kifaa kimekubali umbo la jengo. Postikadi, iliyokuja kutawala pwani yetu kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ilifanya kinyume. Kadi ina kipimo chake kilichokwisha kukubaliwa na posta, na jengo lazima liingie humo. Mnara unakatwa kichwa au unasukumwa mbali hadi uwe kijiti. Ukuta mrefu wa kibla unabaki na kipande. Kisha yanakuja maneno ya chini, mafupi, kwa lugha ya mnunuzi: magofu, mahali, basi. Studio za Gomes na za ndugu Coutinho ziliuza kadi za namna hii kwa abiria wa meli, na siwalaumu kwa kutafuta riziki. Walikuwa mafundi hodari, na bila wao tungekuwa na macho ya maofisa peke yao. Lakini kadi ilifundisha mtindo wa maelezo usio na kitenzi. Haisemi nani alibomoa, haisemi lini, haisemi nani bado anaswali jirani.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu 2 wakafariki. Picha zilizosambaa mchana ule hazikupigwa na wageni. Zilipigwa kwa simu na watu wa mji, kutoka Forodhani na barabarani, nyingi zimesimama wima kama simu ilivyoshikwa, na wima huo ukaushika mnara kwa namna ambayo postikadi haikuweza. Jukwaa la mafundi limeonekana, vumbi limeonekana, migongo ya watazamaji imeziba sehemu ya chini. Kwa fundi wa zamani hiyo migongo ni kasoro. Kwangu ni mara ya kwanza picha ya gofu la mji ule kuwa na mahali pa mtazamaji anayelifahamu jengo, aliye na ndugu ndani yake, anayeuliza nini kimetokea.

Haya yote nayaandika nikiwa mbali na bahari. Nyakunguru, ninakoandikia, iko Mara, Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kutoka hapa hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mwanafunzi wa hapa huijua Kilwa kwa picha ya kitabu cha Historia, na picha hiyo mara nyingi ni ile ile ya nguzo na matao, imechapwa kwa kijivu, ndogo, imekatwa kandokando. Anajifunza kutokana nayo kwamba mji ni mawe, na kwamba watu waliojenga kwa mawe ndio waliokuwa na mji. Kisha anainua macho na kuona nyumba za fito na udongo za babu zake, ambazo familia ikihama, mvua ya misimu michache huzilaza, na baada ya hapo hubaki kinundu cha ardhi, mafiga, na pengine jiwe la kusagia ulezi. Hakuna kamera iliyowahi kusafiri kuja kupiga picha ya kinundu. Ng'ambo ya mpaka, Migori nchini Kenya, kuta za mawe makavu za Thimlich Ohinga zimepata picha nyingi na mwaka 2018 zikaingia katika Urithi wa Dunia. Zinastahili, na zilipata bahati ya kuwa za mawe.

Ila msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa al-Hasan bin Sulaiman yule yule wa ukumbi wa kusini, akausifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake. Na alichokieleza ni mji wa miti, wenye mapaa ya manyasi. Wanahistoria wamelijadili neno lake kwa muda mrefu kwa sababu halilingani na picha. Kwa mtu wa Nyakunguru halina utata wowote. Mji una nyumba chache za mawe za wenye nguvu na nyumba nyingi za fito na udongo za wengine, na zote ni mji. Kilichotokea ni kwamba nyingi zilirudi ardhini kabla kamera haijavumbuliwa, na kamera ilipokuja ikapiga chache zilizobaki na kuziita Kilwa. Mtoto wa hapa anaweza kuujaza mji ule tena kwa macho yake kuliko mtalii anayeshuka boti, iwapo mwalimu atamwambia kwamba anaruhusiwa.

Kuna pia dhahabu. Utajiri uliojenga ukumbi ule wa kusini na kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu iliyopitia Sofala kutoka bara. Waliochimba hawakuiona Kilwa. Katika picha ya matao hakuna shimo la mgodi, hakuna mkono wenye vumbi, hakuna mwanamke anayeosha mchanga mtoni. Watu wanaoishi jirani na mgodi hawahitaji kuelezwa kwamba jengo zuri lina shimo lake mahali pengine. Wanahitaji tu kuambiwa kwamba hata jengo hili lilikuwa nalo.

Waandaaji wa vitabu vya shule wanaweza kulifanya jambo moja bila gharama ya picha mpya. Chini ya picha ile ile ya kijivu, mahali palipoandikwa jina la msikiti na kisiwa, pana nafasi ya mistari michache zaidi: Ukumbi wa kusini, uliojengwa upya katika karne ya 15. Nyuma ya mpigapicha na mbele ya nguzo hizi kuna sehemu ambazo picha haikuzishika. Upande wa kaskazini palikuwa na ukumbi wa kwanza, wenye nguzo 9, na mihirabu. Mji uliouzunguka msikiti huu ulikuwa na nyumba nyingi za miti na udongo. Dhahabu iliyoulipia ilichimbwa bara.